Tusikate mtandao wa nyumba nzima kwa tuhuma ya hakimiliki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pendekezo ambalo nimekuwa nikilisikia kwa watu mbalimbali hapa jijini, na ambalo naona linapokewa kwa wepesi usiolingana na uzito wake. Wiki mbili zilizopita mwanamuziki mmoja wa dansi, mtu mzima aliyenitangulia kwa umri na jirani yangu wa siku nyingi hapa Mabibo, alikuja dukani kwangu kutoa nakala za mkataba wake wa kurekodi. Alipokuwa akisubiri zamu yake alinieleza kwa uchungu jinsi nyimbo zake zinavyosambaa kwenye simu za watu bila yeye kuambulia hata senti tano, kisha akasema, "Mdogo wangu, dawa ni moja tu. Mtu akilalamikiwa mara tatu kwamba anapakua kazi za watu, akatiwe mtandao. Ulaya wameshafanya." Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walimuunga mkono. Kwa heshima yake sikubishana naye mbele za watu, lakini tangu siku ile jambo hilo halijanitoka kichwani, na kwa kuwa najua hayuko peke yake katika mawazo hayo, nimeona nimjibu hapa.

Napinga sheria ya namna hiyo. Napinga mtu, na pamoja naye nyumba au ofisi nzima, kuondolewa kwenye mtandao kwa sababu mwenye hakimiliki amepeleka malalamiko ambayo hayajapimwa na hakimu yeyote. Sisemi hivi kwa kuwatetea maharamia wa kazi za sanaa. Ninaendesha steshenari, na mwenye steshenari anaujua wizi wa kazi za watu kuliko wengi, kwa sababu huletwa mezani kwake kila siku: mwanafunzi anakuja na kitabu kizima na kuomba kitolewe kopi mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kopi ni nafuu kuliko kitabu. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na niliiacha siku mwandishi mmoja alipokuja mwenyewe dukani, akakitazama kitabu chake kikiwa juu ya mashine, na kuniuliza kwa upole ni nani aliyeniuzia jasho lake. Kwa hiyo machungu ya jirani yangu nayaelewa vizuri.

Hata hivyo, hebu tuitazame hiyo laini ya mtandao inayotakiwa kukatwa. Hapa dukani ninayo moja, imeandikishwa kwa jina langu, na inahudumia kompyuta sita, printa mbili, pamoja na waifai ambayo wanafunzi waliopanga vyumba vya jirani huitumia kwa malipo madogo. Katika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupita watu hata sitini kwa siku. Kijana anapokaa kwenye kompyuta ya nne kutoka mlangoni, mimi sioni anachokifungua, wala siamini kwamba ni halali kwangu kumchungulia. Anaweza kuwa anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo, anaweza kuwa anasoma ujumbe wa mama yake, na anaweza kweli kuwa anapakua filamu ambayo hajailipia. Sheria ya maonyo matatu haina haja ya kumtafuta kijana huyo. Inamtafuta yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa huduma, yaani mimi, na ikishanipata inawazimia mtandao wote sitini.

Majumbani hali ni hiyo hiyo, tena pengine ni ngumu zaidi. Nyumba nyingi za kupanga jijini zina familia nne au tano zinazotumia uwanja mmoja, na siku hizi si ajabu mpangaji mmoja kuvuta mtandao kwa jina lake na wenzake wakamchangia kila mwezi. Kwenye simu, mama husajili laini kwa alama zake za vidole na namba yake ya kitambulisho cha taifa, halafu laini hiyo ikatumiwa na mtoto wake wa kidato cha tatu ambaye bado hajafikia umri wa kuwa na kitambulisho. Bando ananunua kaka, simu anashika binamu, jina ni la mama. Anayetaka kujua nani alipakua wimbo gani saa tano usiku katika nyumba kama hiyo hana budi kufanya upelelezi wa kweli, na upelelezi huo ndio hasa ambao sheria za aina hii hutungwa ili kuukwepa.

Inafaa wasomaji waelewe jinsi malalamiko yenyewe yanavyopatikana, kwa sababu wengi wanadhani kuna mtu amemshuhudia mhalifu kwa macho. Kampuni zinazoajiriwa na wenye hakimiliki huingia kwenye mifumo ya kugawana mafaili, huandika orodha ya anwani za mtandao zinazoonekana humo, zile ziitwazo anwani za IP, pamoja na saa zilipoonekana, kisha hupeleka orodha hiyo kwa mtoa huduma ili ataje wateja wenye anwani hizo. Ushahidi wote ni huo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani waliamua kuupima utaratibu huu, na kwa mbinu nyepesi walifanikiwa kuzifanya printa za chuo zituhumiwe kwamba zimepakua filamu. Barua za malalamiko zikaja rasmi, zikizilenga mashine ambazo kazi yake ni kutoa karatasi. Mimi ninazo printa mbili, na kila ninapozitazama nakumbuka utafiti huo.

Kwetu sisi tatizo hilo ni kubwa kuliko kwa Wamarekani. Anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na karibu zote zimekwisha kugawanywa. Afrika ilipata sehemu ndogo. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi, pengine mamia kwa wakati mmoja, nyuma ya anwani moja ya nje. Ili kumtofautisha mteja mmoja na mwenzake lazima kumbukumbu za kampuni zilingane na za mlalamikaji hadi kwenye sekunde, na pia zionyeshe namba ya mlango uliotumiwa na kila muunganisho, yaani namba inayotenganisha mawasiliano ya mteja mmoja na ya mwenzake. Saa ya upande mmoja ikichelewa kidogo tu, anayekatiwa anaweza kuwa muuza samaki wa Feri ambaye dakika hiyo alikuwa akimtumia mteja wake picha za kolekole.

Jirani yangu alisema Ulaya wameshafanya. Ni kweli kwamba Ufaransa ilijaribu, na habari hiyo yafaa isimuliwe hadi mwisho wake. Mwezi Mei 2009 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyounda mamlaka iitwayo HADOPI, ambayo ilipewa uwezo wa kutuma maonyo mawili na kisha kumkatia mtu mtandao bila kupitia kwa hakimu. Tarehe 10 Juni mwaka huo huo Baraza la Katiba liliufuta uwezo huo. Lilisema kwamba uhuru wa mawasiliano uliotajwa katika Tamko la Haki za Binadamu na Raia la mwaka 1789, lililoandikwa wakati ambapo hata simu ya waya haijabuniwa, unajumuisha uhuru wa kuufikia mtandao. Kwamba kizuizi kikubwa kama hicho hakiwezi kuachiwa chombo cha utawala. Na kwamba sheria ilimlazimisha mwenye laini kuthibitisha kuwa hana hatia, jambo lililo kinyume cha kanuni ya mtu kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Serikali ya Ufaransa ikarudi na sheria ya pili kabla mwaka haujaisha, safari hii ikimwachia hakimu uamuzi, na adhabu ya kukatiwa isizidi mwezi mmoja kwa mwenye laini aliyezembea kuilinda. Maonyo yakaanza kutumwa mwaka 2010. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani, mwaka 2012, alikuwa fundi mmoja aliyetozwa faini ya euro 150, ingawa ilielezwa mahakamani kwamba aliyepakua nyimbo hizo alikuwa mke wake ambaye walikuwa katika kuachana. Kosa lake yeye lilikuwa kushindwa kuilinda laini yake. Nimelifikiria sana jambo hilo la fundi. Ndilo tunaloombwa tuliingize katika sheria zetu: baba wa nyumba aadhibiwe kwa kidole cha mtu mwingine. Mwezi Juni 2013 mahakama moja ilimhukumu mtu kukatiwa mtandao kwa siku 15, na mwezi uliofuata serikali yenyewe ikaifuta adhabu ya kukata mtandao kwa makosa hayo. Hivyo ndivyo Ulaya walivyofanya, kaka yangu. Walijaribu kwa miaka minne wakaacha.

Uingereza nayo iliweka uwezekano wa kuwakatia watu mtandao katika Sheria ya Uchumi wa Kidijitali ya mwaka 2010, na kifungu hicho hakikutumika hata mara moja. New Zealand ilikuwa na kifungu cha 92A ambacho kiliahirishwa mwaka 2009 baada ya wananchi kupinga, na baadaye kikaondolewa. Sheria yao iliyofuata ya mwaka 2011 ilipeleka malalamiko mbele ya baraza la kusikiliza mashauri ya hakimiliki, ambalo linaweza kuamuru malipo yasiyozidi dola 15,000 za nchi hiyo. Mwaka huo wa 2011, Frank La Rue, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa uhuru wa maoni, alilieleza Baraza la Haki za Binadamu kwamba kumkatia mtu mtandao kwa sababu za hakimiliki ni hatua isiyolingana na kosa, na kwamba inakiuka Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1976.

Nirudi nyumbani. Miaka michache iliyopita mtoa huduma wangu wa wakati ule, ambaye sina sababu ya kumtaja, alinikatia mtandao kwa siku nne kwa madai kwamba nilikuwa na deni. Deni lilikuwa limelipwa, na risiti nilikuwa nayo. Hakuna aliyenipigia simu kabla ya kukata, na nilipopiga mimi niliambiwa suala langu limepelekwa ngazi nyingine na nisubiri. Siku hizo nne zilikuwa za mwisho za dirisha la maombi ya mikopo. Binti mmoja kutoka Ifakara, ambaye alikuwa amebakiza kupakia cheti cha kifo cha baba yake ili fomu yake ikamilike, alikuja asubuhi akakuta nimefunga kompyuta. Nilimpa nauli ya kwenda Mwenge akatafute duka jingine, na nilikaa siku nzima nikiwaza kama amefika akakuta foleni ndefu. Alifanikiwa, namshukuru Mungu. Lakini kosa langu mimi lilikuwa lipi, na lake yeye lilikuwa lipi? Na hilo lilikuwa deni, kitu kinachoweza kuthibitishwa kwa karatasi moja. Tuhuma ya kupakua filamu ningeikanusha kwa risiti ipi?

Wanaosema kwamba mtandao ni anasa na kwamba mtu akikatiwa atazoea, waje wakae dukani kwangu asubuhi moja tu. Maombi ya kazi serikalini yanapelekwa kupitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Anayetaka kusajili jina la biashara huenda kwenye mfumo wa BRELA. Mwenye kampuni ndogo ya usafi anayetaka zabuni ya halmashauri lazima aingie kwenye mfumo wa NeST. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali inatolewa mtandaoni, na matokeo ya kidato cha nne husomwa mtandaoni. Serikali ndiyo iliyotuelekeza huko, na nadhani ilifanya vyema, kwa sababu zamani mtu alisafiri kutoka Mafia kuja kuulizia karatasi moja. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipoharibika chini ya bahari na mtandao ukadorora nchini, niliona kwa macho yangu watu wazima wakigeuka mlangoni kwangu bila kujua waende wapi. Hali ile ilitokana na ajali, na hakuna aliyefurahi. Sasa tunaombwa tuifanye iwe adhabu.

Katiba yetu ya mwaka 1977 haiko kimya katika jambo hili. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ibara ya 13(6) inasema haki za mtu zinapotakiwa kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kikamilifu, na inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Najua kwamba Ibara ya 24 inalinda pia haki ya mtu kumiliki mali yake, na kazi ya sanaa ni mali. Lakini mwenye shamba aliyeibiwa mahindi huenda polisi na mahakamani. Hapewi ruhusa ya kufunga barabara ya kijiji kwa kuwa anashuku mwizi alipitia hapo.

Wala sheria haikosekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamruhusu msanii kwenda mahakamani kudai fidia na kuomba zuio. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 24, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayekiuka haki za ubunifu kwa kompyuta hata kama hafanyi biashara, na milioni 20 au miaka 5 kwa anayefanya biashara. Kwa maoni yangu adhabu hizo ni kali mno kwa mwanafunzi aliyepakua wimbo mmoja, na siku moja ningependa zijadiliwe. Ila angalau humfikia mtu baada ya kushtakiwa, kusikilizwa na kupewa nafasi ya kuuliza ushahidi umetoka wapi. Hakimu anaweza pia kutambua kwamba mwalimu aliyenukuu kipande cha kazi kwa ajili ya kufundishia hana kosa, kitu ambacho mashine inayokusanya anwani za IP haiwezi kukitambua.

Kwa msanii mwenyewe nauliza swali ambalo nilitamani kuliuliza siku ile. Tuseme kesho mpangaji mmoja wa Tandale amekatiwa mtandao kwa sababu ya wimbo wako. Je, shilingi ngapi zimeingia mfukoni mwako? Huyo alikuwa anakusikiliza. Alipokuwa na mtandao, ungeweza kumpata kupitia YouTube au Boomplay, ungeweza kumuuzia mwito wa simu, ungeweza kumtangazia onyesho lako la Jumamosi. Ukishamkatia umempoteza yeye pamoja na watu wa nyumba yake, na hujalipwa. Enzi za kuchoma CD, na baadaye za vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye fleshi na memori kadi, hazikupungua kwa sababu ya misako, kwa kuwa misako ilikuwepo na vibanda vilihama tu upande wa pili wa mtaa. Zilipungua pale watu walipopata njia rahisi ya kusikiliza wimbo siku uleule unapotoka, kwa bei ya bando wanaloweza kulimudu.

Tena kuna hili, ambalo nashangaa halisemwi. Tangu mwaka 2023 sheria imeweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyoweza kurekodi na kunakili kazi za ubunifu. Fedha hiyo hubebwa na mnunuzi wa kifaa, awe ananakili kazi za watu au hanakili, na kusudi lake ni kuwafidia wabunifu. Basi jirani yangu mwanamuziki ana haki kamili ya kuuliza kwa sauti kubwa ni kiasi gani kimekusanywa, kimegawanywa kwa vigezo gani, na mirabaha yake inafika lini. Ana haki ya kuuliza pia gawio lake katika miito ya simu linakokotolewaje, na kwa nini mkataba wa kurekodi aliouleta dukani kwangu, ambao nilitoa nakala zake kurasa kumi na moja, haukuwa na hata aya moja iliyoandikwa kwa Kiswahili. Katika maswali hayo atanikuta nimesimama upande wake, na nitamtolea nakala za barua zake bila malipo.

Ombi langu kwa waheshimiwa wabunge ni moja. Ikiwa siku yoyote marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yatafikishwa Dodoma yakiwa na kifungu cha kumkatia mtu mtandao kwa malalamiko, Kamati itakayopokea maoni ya wadau isiwaite wenye hakimiliki na kampuni za simu peke yao. Iwaite pia wenye steshenari, wenye nyumba za kupangisha, walimu wakuu wa shule zenye maabara za kompyuta, na wazazi waliosajili laini za watoto wao. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi nitajilipia mwenyewe.

Mwenye Steshenari,
Mabibo, Dar es Salaam.